Salongo bila amri: namna tulivyosafisha kando ya Mulongwe

Maneno ya komite mbele ya mkutano wa wanamemba na marafiki wa chama, Uvira

Presida ametuomba tusiseme mengi. Tutajaribu. Lakini makuta ya watu yakishatumika, lazima wenyewe wasikie yalikwenda wapi. Tena kuna mambo tuliyoyakosea, na tunataka myasikie kwetu kabla hamjayasikia sokoni.

Tuanze na ule mchezo, juu watu wanauliza mpaka leo. Mnajua kwamba kati ya watoto wetu wa Nyarugusu kuna waliopelekwa Marekani na Kanada. Wachache kati yao, watu wazima sasa, wanacheza huko mchezo unaoitwa jiokashingi. Mtu anachukua kisanduku, anatia ndani kitabu kidogo na kalamu, anakificha porini au chini ya daraja, kisha anawatangazia wenzake namba za mahali pale kama GPS inavyozionyesha. Wenzake wanakuja na simu, wanatafuta, na wakikipata wanaandika jina na kukirudisha palepale. Basi. Tulipoeleza hivyo katika kikao cha kwanza, mzee mmoja aliuliza: "Na wanalipwa ngapi?" Tulicheka, lakini swali lile lilitufuata mpaka mwisho.

Mchezo wenyewe si wa zamani. Serikali ya Marekani ilikuwa inaharibu kidogo, makusudi, ishara za GPS kwa watu wasio wanajeshi. Mwanzoni mwa Mei 2000 ikaacha. Tarehe 3 Mei mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer akaficha ndoo karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, ndani yake daftari, penseli na vitu vidogo vidogo, pamoja na kopo la maharage. (Sisi tuliopanga foleni ya maharage ya posho miaka yote ile, hatungeyaacha porini.) Na tangu 2002 wachezaji hao wana desturi nyingine nzuri: wakienda kutafuta visanduku wanabeba mfuko na kurudi na takataka, na mara kadhaa kwa mwaka wanakutana kundi zima kusafisha mahali pamoja, kwa uchache saa moja. Ndiyo hiyo desturi watoto wetu waliyotaka ifanyike hapa nyumbani. Walichangishana na wanaocheza nao, wakatuma makuta ya glavu, reki na usafiri.

Waliomba vitu vitatu. Tusafishe kipande cha mto Mulongwe. Tuwape namba za GPS za kila mahali penye uchafu mwingi, wapaone kwenye ramani. Na mwisho tufiche kisanduku kimoja karibu na daraja, ili wakija likizo wakitafute.

La kwanza tulilikubali siku hiyohiyo. La tatu tulilikataa siku hiyohiyo. Hapa kwetu watoto wamefundishwa shuleni na kanisani: chuma usichokijua, kopo lililofichwa, kitu kilichofunikwa na majani, usiguse, rudi nyuma, ita mkubwa. Wamefundishwa hivyo juu ya magrenedi yaliyobaki vichakani. Hatuwezi kuwaambia hivyo leo, kesho tukawaambia kuna kisanduku kizuri chini ya daraja. Na mtu mzima anayeinama pale darajani, anaacha kitu na kuondoka, askari akimuuliza atajibu nini? Watoto wetu walielewa mara moja. Mmoja aliandika kwamba ameona haya, juu amesahau mambo haya. Tulimjibu asione haya. Kusahau vitu kama hivyo, njo kupona.

La pili ndilo lililotuponza. Tulilikubali bila kufikiri.

Tulituma vijana wanne na simu, wapande kutoka darajani kuelekea mlimani, wasimame kila penye rundo la taka, waandike namba. Mifukoni walikuwa na nakala ya barua yenye muhuri wa ofisi ya meya. Siku ya kwanza walirudi salama. Siku ya pili, mbele ya saa nne, avenyu mbili zilikuwa zimejaa maneno: "Bale batu ba Tanzania banapima parsela zetu." Vijana walizungukwa. Mmoja alinyang'anywa simu, akarudishiwa jioni na shefu wa avenyu. Hakuna aliyepigwa, tunamshukuru Mungu na tunamshukuru yule shefu, lakini ilibaki kidogo tu.

Ninyi mlio mbali pengine mtashangaa namna gani simu inaweza kuleta vita. Mtuvumilie tueleze. Sisi wa chama hiki tulirudi kwa mafungu, wengine kwa meli za UNHCR kutoka Kigoma mpaka Baraka, kuanzia 2005, wengine nyuma yao, kila mtu kwa njia yake. Wengi wetu tulikuta watu kwenye viwanja vyetu. Kati yao kuna waliovinunua kwa haki, kuna waliopewa na machifu, na kuna walioingia tu wakati nyumba zilikuwa wazi. Kesi nyingine bado ziko mezani, na ninyi mnaokaa hapa mbele mnajua ni zipi. Kwa hiyo aliyerudi, akionekana na chombo kinachotoa namba za ardhi, hakuna anayefikiria takataka.

Juu ya hilo kuna ule usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020. Mulongwe uliposhuka na mawe kutoka mlimani uliua watu makumi, na nyumba zilizobomoka mjini zilihesabiwa kwa maelfu. Tangu pale watu wa kando ya mto wanaishi na neno moja masikioni: mtahamishwa. Sasa ona kijana mgeni anasimama mbele ya nyumba yako, anainua simu, anaandika, anasogea hatua ishirini, anaandika tena. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Sisi wenyewe tungetoka na fimbo.

Kosa lilikuwa letu, si la vijana wala la watu wa avenyu. Tulikuwa na muhuri, tukadhani muhuri unatosha. Tulisimamisha kila kitu wiki mbili. Zile namba tulizifuta kwenye simu mbele ya mashefu wa avenyu zote mbili, na watoto wetu wa Marekani tukawaambia ramani haitakuwepo. Wana namba moja tu, ya daraja la barabara kubwa, ambayo kila mtu anaijua hata bila GPS.

Halafu tulikwenda mahali ambapo tungepaswa kuanzia: kwa wamama wanaofua. Wanaanza alfajiri, na wanajua mto kuliko komite yoyote. Hawakutupokea kwa furaha. Mmoja alisema: "Kila asubuhi tunasafisha mawe yetu mbele ya kufua. Ninyi munakuja kusafisha nini, kwa jina la nani?" Tulinyamaza, tukasikiliza. Walituambia kwamba uchafu mwingi hautoki kwa wanaokaa kando. Unashuka kutoka juu na mvua, na mwingine unaletwa usiku na watoto waliopewa franka mia mbili wakautupe. Walitupa masharti yao. Tuanze kwenye mawe ya kufulia. Kila avenyu isafishe mbele yake. Waliorudi na waliobaki wachanganyike, pasiwe na kundi la "batu ba Tanzania". Na pasiwe na tisheti za chama.

Hapo kwenye tisheti baadhi ya wanamemba walinung'unika, na tunajua bado wananung'unika. Tunaomba wafadhili nao watuelewe: ndiyo sababu hamwoni jina la chama kwenye picha. Makuta ya tisheti yalihamishiwa kwenye usafiri wa taka.

Likabaki swali la mzee: wanalipwa ngapi? Ukisema kazi ya pamoja ya bure katika nchi hii, mtu wa miaka sitini anasikia salongo ya wakati wa Mobutu, kazi ya lazima, na jina lako likikosekana unaulizwa. Kijana wa miaka ishirini hajui hayo. Yeye anajua mradi: unafika, unaandika jina kwenye orodha, jioni unapewa motisha. Kati ya amri na motisha, neno "kujitolea" halina pa kukaa. Tulibishana vikao viwili, na kuna waliosema tutoe japo dola moja kwa mtu. Tulikataa, na si kwa ubahili. Ukilipa dola moja Agosti, Desemba takataka zitakusubiri pamoja na watu wanaongoja dola. Tuliamua hakuna anayelipwa, komite ikiwemo, na hakuna orodha ya majina. Maji ya kunywa, uji, sabuni, basi.

Siku nayo ilikuwa kazi. Jumamosi Waadventista wanasali, Jumapili wengine, Ijumaa Waislamu, na watoto wakiwa shuleni wakubwa wengi hawana nafasi. Tena ilitakiwa mbele ya mvua, wakati maji ni kidogo na mchanga unaonekana. Tukachagua Alhamisi ya mwisho ya Agosti, saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu, jua likiwa bado na huruma.

Tulitegemea watu arobaini. Walizidi tisini, na tuliwasimamisha watoto wadogo juu ukingoni wafungue midomo ya magunia. Sheria zilikuwa chache, na wamama ndio waliozisimamia, kwa sauti tusiyoweza kuiga. Asiye na viatu vya kufunika vidole hashuki. Mwenye kidonda hashuki. Maji yasipite goti. Pampasi, wembe na sindano ni kwa reki au fimbo, si kwa mkono hata ukiwa na glavu. Anayepanda ananawa kwa sabuni na maji ya dawa mbele ya kugusa kikombe cha uji. Mji huu unaijua kipindupindu vizuri, na bomba likikauka watu wanachota palepale mtoni. Tungekuwa wajinga kuleta ugonjwa kwa jina la usafi. Kijana mmoja alijikata mguu kwa bati, akapelekwa kituo cha afya, akachomwa sindano ya pepopunda. Bei yake iko kwenye hesabu.

Kilichotoka zaidi ni pampasi, halafu sashe, au rambo kama tulivyozoea kusema kambini. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki. Siku ileile tukitoka mtoni tulinunuliwa mandazi, yamefungwa ndani ya sashe. Chini ya plastiki tulikuta mabati na vipande vya milango ya 2020. Hapo kazi ilisimama kidogo, hakuna aliyeisimamisha.

Tulijaza magunia 87. Marafiki waliuliza kilo. Hatukupima, juu magunia yalijaa mchanga na maji, na namba ile ingewadanganya. Tena hatutasema kwamba plastiki ndiyo iliyoleta mafuriko. Mafuriko yalitoka milimani, kwenye miti iliyokatwa na mvua iliyozidi. Tunachosema ni kidogo: mahali pa kufulia na kuchotea pamekuwa pazuri, na mfereji wa chini ya avenyu ya pili unapitisha maji.

Kilichotusumbua kuliko kuokota ni kujua taka ziende wapi. Ushauri wetu kwa chama kingine chochote: hili lijibiwe mbele ya kununua glavu. Kuna waliosema tuchome. Moshi wa plastiki katikati ya nyumba, hapana. Kuna waliosema tupeleke chini zaidi, yaani ziwani, na hatukujua kama wanatania. Mwishowe mwanamemba mmoja alitoa kona ya shamba lake, juu kabisa ya mahali maji ya 2020 yalipofika, mbali na visima, tukachimba shimo na kufukia. Pikipiki ya matairi matatu ilikwenda safari kumi na moja. Chupa nzima tuliziweka kando, wakazichukua wauza petroli wa barabarani, makadhafi, kwa masharti kwamba zisirudi kwenye maji ya kunywa wala mafuta ya kula.

Shimo lile limebaki na nafasi ya mara moja, labda mbili. Mwenye shamba amesema wazi kwamba halichimbwi la pili.

Toroli mbili, ambazo waliobaki wanaziita bruweti, zimeachwa kwa shefu wa avenyu ya kwanza. Ufunguo uko kwa wamama wa kufua, na wamekwisha kuzitumia mara mbili bila kutuuliza. Reki tatu zimevunjika. Glavu zimebaki nyingi, kwa hiyo tunawaomba marafiki wasitume nyingine. Kinachokosekana ni petroli ya pikipiki, na mtu mwenye kiwanja cha juu atakayekubali shimo. Ikiwa kati yenu mliokaa hapa yuko mwenye kiwanja kama hicho, na hakina kesi, aje atuone leo kabla hatujaachana. Daftari la hesabu liko mezani pale karibu na mlango, na kila risiti imebandikwa.