Tope Hurudi Lilikopita: Ramani ya Hatari Miteremkoni



Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, mji wa Katesh mkoani Manyara ulifunikwa na tope, mawe na magogo yaliyoporomoka kutoka Mlima Hanang. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Hanang ni volkano iliyolala, na siku ile haikulipuka. Serikali ilieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikalemewa, ikameguka. Tope likafuata makorongo hadi kwenye makazi.

Uwanda wa Makonde hauna volkano. Hata hivyo, mteremko mkali, udongo uliolegea na mvua kubwa vyatosha kuleta maafa. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda, juu ya miteremko inayoelekea bonde la Ruvuma. Mchanga wa juu hunywa mvua upesi. Ndiyo maana maji ni adimu uwandani na chemchemi hutokea chini. Njia ya wachota maji ikikanyagwa miaka mingi huwa mfereji, na mfereji huwa korongo. Masasi nayo ina vilima vya mawe matupu. Mvua inayonyesha juu yake haipati pa kuzama, hushuka kwa kasi.

Ramani ya hatari hujibu maswali matatu: udongo utameguka wapi, utapita wapi, na utatua wapi. Mteremko hupimwa. Makorongo huchorwa hata yakiwa makavu. Mahali palipolala mawe makubwa yaliyochanganyika na udongo wa zamani huwekewa alama. Wazee huulizwa maji yalifika wapi mwaka wa mvua nyingi. Mwisho huongezwa nyumba, shule, zahanati na visima.

Kiwanja kilicho mdomoni mwa korongo huwa tambarare na chepesi kujengwa, nacho humvutia kijana anayeanza maisha. Lakini mara nyingi utambarare huo ni kazi ya tope la kale. Kwa hiyo ramani haina budi kuingia katika mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji na kujadiliwa katika mkutano mkuu, kabla kiwanja hakijagawiwa.

Nyufa mpya mteremkoni, miti iliyoinama ghafla, au chemchemi iliyogeuka tope ni dalili za kupelekwa kwa mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo. Wahenga walisema, maji hufuata mkondo. Mwenye kuujua mkondo hujenga kando.