Rubani Mmoja, Leseni Mbili



Siku ukipanda ndege, itazame ubavuni. Ukiona 5H, imesajiliwa Tanzania. 5Y ni ya Kenya. Alama hiyo ndiyo inayoamua leseni ya rubani. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unataka leseni itolewe, au itambuliwe rasmi, na nchi iliyosajili ndege.

Je, hili linakuhusu nini? Chukua mfano wa kijana aliyesomea urubani Marekani. Anarudi nyumbani na leseni mkononi, lakini harushi ndege ya 5H mpaka mamlaka ya hapa imridhie. Kuna makaratasi, mitihani na vipimo vya afya, na mara nyingi mfuko unaotoboka ni wa mzazi.

Tuangalie na Uingereza. Ilipojitoa katika mfumo wa usalama wa anga wa Ulaya mwishoni mwa 2020, marubani waliotaka kuzirusha ndege za pande zote mbili walilazimika kuwa na leseni mbili.

Wanaotetea utaratibu huu wanasema kila nchi hubeba dhamana ya ndege zake, na kwenye usalama hakuna mzaha. Wanaoupinga wanauliza: upepo ni ule ule, mabawa ni yale yale, mtihani wa pili wa nini?

Afrika Mashariki tayari ina wakala wa pamoja wa usalama wa anga, CASSOA, kule Entebbe. Swali linabaki: lini leseni moja itatosha kuvuka mpaka wa Namanga, angani?