Mwenye Vyombo Ndiye Mwenye Sauti

Ndugu msikilizaji, ukipita usiku karibu na ukumbi wenye muziki, kitu cha kwanza kukufikia barabarani si sauti ya mwimbaji wala tarumbeta. Ni besi. Hupenya ukuta, hupita katikati ya miti, ikakugonga kifuani kabla hujatambua ni wimbo gani unaopigwa. Lakini ukiingia ndani, mpiga besi ndiye asiyetazamwa na mtu. Na mara nyingi gitaa aliloshika si lake, amplifaya si yake, na malipo ya usiku ule yatagawanywa na mtu ambaye hakupiga hata noti moja.

Leo nataka tuzungumze juu ya kuchagua gitaa la besi na vyombo vya kulikuzia sauti. Mifano yangu nitaitoa Karatu na Ngorongoro, ambako nimepiga besi hotelini, kanisani na arusini. Nawe usiyepiga gitaa usizime redio. Kama umewahi kuchangia arusi au kwaya, basi fedha yako ndiyo inayonunua na kukodi vyombo hivi.

Suala la nani anamiliki vyombo lina historia ndefu katika nchi yetu. Bendi zetu kubwa nyingi zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki. Polisi walikuwa na bendi yao. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, baadaye iliingia chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Utaratibu huo ulikuwa na wema wake, kwani mwanamuziki alipata mshahara na akapiga vyombo ambavyo mfuko wake usingeweza kuvinunua. Ubaya wake ulionekana siku ya kuhama. Mwaka 1985 wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park, akiwamo Muhiddin Maalim, walihamia Orchestra Safari Sound. Katika mfumo ule, anayehama aliondoka na kipaji chake tu. Vyombo vilibaki kwa mwenyewe.

Siku hizi mwenye vyombo mara nyingi ni mtu binafsi anayekodisha. Yeye huchukua fungu lake kwanza, kisha wapigaji hugawana kilichobaki. Simlaumu, maana vyombo ni mtaji. Lakini kijana anayetaka besi iwe kazi yake hana budi kuutafuta mtaji huo mwenyewe. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Sasa tuje kwenye kununua. Kijana mmoja wa Karatu, aliyekuwa amepata fedha kidogo za vitunguu vya Mang'ola, aliniuliza anunue gitaa gani. Nilimjibu kwa swali: utapigia wapi?

Karatu kuna kazi za namna tatu. Ya kwanza ni ya hotelini, pale mjini au kule juu ukingoni mwa kreta. Wageni wanakula, wamechoka na safari, nao wanataka muziki wa chinichini. Hapo amplifaya ya wati 50 hadi 100 yenye spika moja ya inchi 10 au 12 inatosha kabisa. Ukizidisha, meneja atakuja kukunong'oneza sikioni. Kazi ya pili ni ya kanisani. Mara nyingi kanisa lina mikisa na spika zake, nawe unachohitaji ni kisanduku kidogo kinachoitwa DI, kinachopeleka sauti ya gitaa kwenye mikisa bila makelele. Kazi ya tatu ni arusi ya kijijini, nje, chini ya turubai. Hiyo ndiyo inayoumbua vyombo. Hakuna ukuta wa kurudisha sauti, watu ni wengi, nao wanataka kucheza.

Kwa nini besi hupotea nje? Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne, ukipigwa wazi, hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, ambayo ni nusu ya uzi mnene wa gitaa la solo. Wimbi lake hewani lina urefu wa zaidi ya meta 8. Kulisukuma wimbi la namna hiyo kunahitaji hewa nyingi, na hewa nyingi inahitaji spika pana na nguvu ya kutosha. Ndiyo maana kuchomeka besi kwenye amplifaya ndogo ya solo ni kuitafutia spika kifo. Karatasi yake hupigapiga mpaka ikachanika, na mwenye amplifaya atakudai.

Hapo ndipo watu wengi hukimbilia wati. Naomba msikilizaji unisikilize vizuri. Kuongeza wati mara mbili hakuongezi sauti mara mbili. Kutoka wati 100 kwenda 200 ni nyongeza ya desibeli 3 tu, ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili sauti isikike kama imekuwa maradufu, unahitaji nguvu ya karibu mara kumi. Tena usidanganywe na maandishi. Tunayakumbuka yale maredio ya kaseti yaliyoandikwa wati elfu moja PMPO, na huku yanashindwa kujaza sebule. Wewe tafuta palipoandikwa RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo. Kwa arusi ya nje ningeshauri RMS isiyopungua wati 300, na masanduku mawili ya spika. Sanduku la pili mara nyingi hukupa faida kuliko kununua amplifaya kubwa zaidi.

Lakini masanduku nayo yana hesabu yake. Nyuma yake pameandikwa omu, 8 au 4. Masanduku mawili ya omu 8 yakiunganishwa sambamba huwa omu 4, nazo amplifaya nyingi huvumilia hapo. Ukiongeza la tatu, unashuka chini ya omu 3, na amplifaya isiyotengenezwa kwa mzigo huo itazimika au kuungua katikati ya arusi. Hapo bibi arusi hatauliza habari za omu.

Jambo linalofuata ni umeme. Karatu mjini kuna umeme wa gridi, lakini kambi za kitalii zilizo mbali na nguzo hutumia jenereta na umeme wa jua, na arusi nyingi za vijijini huendeshwa na jenereta dogo. Jenereta linapowashwa na linapoishiwa mafuta, umeme hupanda na kushuka. Kwa hiyo washa jenereta kwanza, lipe dakika chache litulie, ndipo uchomeke vyombo. Stabilaiza si anasa. Kisha soma nyuma ya chombo kabla hujalipa. Umeme wetu ni volti 230, na chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutumia volti 120. Ukikichomeka moja kwa moja ukutani, umenunua moshi.

Na waya wa ardhi usikatwe kamwe, hata kama mtu atakuambia kwamba ukiukata ule mvumo utaisha. Mwaka 1972, Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows ya Uskochi, alifariki jukwaani mjini Swansea, Wales. Alishika nyuzi za gitaa na kugusa maikrofoni isiyokuwa na waya wa ardhi uliofungwa sawasawa. Mpiga besi anayeimba kiitikio yuko katika hatari hiyohiyo: mkono kwenye chuma, mdomo kwenye chuma. Jaribu maikrofoni kwa kipima umeme kabla ya kuisogeza mdomoni.

Sasa gitaa lenyewe. Nimeliweka mwisho kwa makusudi. Besi ya umeme ya mtindo tunaoujua ilienea baada ya Leo Fender wa California kutoa Precision Bass mwaka 1951. Kabla ya hapo wapigaji walibeba besi kubwa ya kusimama, ambayo ilimezwa na kelele za ngoma na tarumbeta. Mwaka 1960 Fender akatoa Jazz Bass, yenye shingo nyembamba zaidi. Magitaa mengi ya besi yanayouzwa leo, hata ya bei ndogo, yanafuata moja ya mifano hiyo miwili. Kwa hiyo jina lililoandikwa kichwani lisikutie wazimu.

Tazama shingo. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, uangalie katikati: pawe na upenyo mdogo, kama unene wa kadi. Upenyo ukiwa mkubwa, shingo imepinda mbele. Pasipokuwa na upenyo kabisa, pengine imepinda nyuma. Ndani ya shingo mna chuma cha kuirekebishia, kwa hiyo hakikisha kinazunguka na ufunguo wake upo. Kisha piga freti moja baada ya nyingine kwenye kila uzi, usikilize panapokwaruza. Zungusha vifungo vya sauti. Tikisa waya pale unapoingia. Yote hayo ni ya dakika kumi, na muuzaji mwaminifu hatakuharakisha.

Ukiulizwa nyuzi nne au tano, anza na nne. Uzi wa tano hushuka hadi mitetemo 31 hivi kwa sekunde, na spika nyingi za arusi haziwezi kuutoa huo. Ukiulizwa kama utachukua besi inayotumia betri, kumbuka kwamba betri ya volti 9 inaweza kukuishia Jumamosi usiku mahali ambako duka la karibu limefungwa. Ile isiyotumia betri haina ghiliba hiyo.

Kuna pia hali ya hewa. Karatu iko meta 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa Ngorongoro unazidi meta 2,200. Kule juu kuna baridi na ukungu unaolowesha nguo. Mbao huvimba kwa unyevu na kusinyaa kwa ukavu, na nyuzi hupoteza sauti zake. Ukilitoa gitaa kwenye gari lenye baridi na kuingia nalo ukumbini penye moto wa kuni, liache kwenye mkoba wake kwanza. Amplifaya nayo ipe muda unyevu ukauke kabla hujaiwasha. Na kwa vumbi jekundu la barabara za vijijini, mkoba mzuri una thamani kuliko rangi nzuri ya gitaa.

Mwisho, uliza nani atatengeneza. Zipo amplifaya mpya nyepesi, kilo mbili au tatu, unazibeba kwapani. Ni nzuri sana, lakini ikifa, ubao wake wa vijidude vidogo si fundi redio yeyote atakayeuweza. Ile ya zamani yenye transfoma nzito inachosha mgongo, lakini fundi wa Arusha anaweza kuifungua, akabadilisha transista, nawe ukapiga wiki ijayo. Hata spika iliyoungua inaweza kusukwa koili upya. Kwa anayeanza, mimi naichagua ile inayotengenezeka.

Kanuni yangu ni hii: katika kila shilingi tatu ulizo nazo, moja iende kwenye gitaa, mbili ziende kwenye amplifaya na spika. Besi ya kawaida kwenye spika nzuri itasikika. Besi ya fahari kwenye spika mbovu ni mapambo tu. Kama fedha haitoshi, nunueni wawili au watatu, lakini andikeni kwenye karatasi nani ametoa nini, nani atatunza, na anayejitoa atalipwa kiasi gani. Urafiki mwingi wa wanamuziki umevunjikia kwenye sanduku la spika.

Ndugu msikilizaji, watu watasema haya ni mambo ya muziki tu. Mimi nasema ni mambo ya kazi. Seremala ana randa yake na fundi cherehani ana cherehani yake. Mpiga besi mwenye gitaa na spika zake akiitwa hotelini hujitajia bei. Asiye navyo hutajiwa.