Nani anasoma majina yetu? Maneno kuhusu ruhusa za dosie katika kompyuta

Wazee wetu, mama zetu, wanakomite wa kambi na nyote mliohama vijiji vyenu kwa sababu ya vita,

Leo tunataka kuwaeleza kosa tulilofanya sisi wenyewe, na namna tulivyolisahihisha. Mna haki ya kujua, kwa sababu majina yaliyoguswa ni yenu.

Mnajua ya kwamba tunaandika habari zenu katika kompyuta: orodha za familia, migawanyo ya chakula, na ushuhuda wa wale waliotuletea ugomvi wa mashamba ao matendo ya jeuri. Kila jambo lina dosie yake. Dosie ni kama chumba chenye mlango. Ufunguo hatuutoi kwa mtu mmoja mmoja, tunautoa kwa kikundi: wagawaji, wapatanishi, na wale wanaosikiliza wahanga.

Siku moja, asubuhi ya mgawanyo, vijana wagawaji walishindwa kufungua dosie ya orodha. Familia zilikuwa zikingoja juani. Tukafanya haraka. Tulikwenda kwenye dosie kubwa inayobeba dosie zote, tukaandika ya kwamba watumiaji wote wanaweza kusoma. Orodha ikafunguka kwa wengine, chakula kikatolewa, nasi tukafurahi.

Tulisahau ya kwamba ruhusa inayowekwa juu inashuka mpaka chini. Dosie ndogo inarithi ruhusa ya dosie kubwa. Basi, dosie ya ushuhuda nayo ilibaki wazi. Baada ya wiki moja, mama mmoja akatuuliza: “Ni nani aliyemwambia jirani yangu maneno niliyowaambia ninyi?” Hatukuweza kumjibu ya kwamba hayakutoka kwetu.

Tulifunga mlango ule siku ileile, tukamwomba mama msamaha. Kisha tukatafuta chanzo, hatua kwa hatua.

Kwanza, tuliuliza: wanaokataliwa wako katika vikundi gani? Tukakuta ya kwamba vijana wale waliandikwa pia katika kikundi cha wafanyakazi wa muda, ambacho kilikatazwa waziwazi kufungua orodha. Katika mfumo wetu, ruhusa na makatazo zikikutana kwenye dosie moja, makatazo yanashinda.

Pili, tuliwaondoa katika kikundi kile, lakini bado walikataliwa. Sababu ni kwamba kompyuta inasoma vikundi vya mtu pale anapoingia tu. Walitoka, wakaingia tena kwa neno lao la siri, na dosie ikafunguka.

Tatu, tuliikata dosie ya ushuhuda na urithi wa dosie kubwa. Sasa kikundi cha wasikilizaji peke yake ndicho kinachoisoma.

Nne, tulijaribu kila mlango kwa jina la mfanyakazi wa kawaida. Msimamizi wa mfumo hafai kwa jaribio hilo, maana yeye ana uwezo mkubwa kuliko wengine, na kwake kila kitu kinaonekana sawa.

Kazi hiyo yote ilichukua saa mbili. Kama tungekubali kungoja saa hizo mbili, yule mama asingeumia.

Msidhani ni jambo dogo. Katika Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza ya kwamba wavamizi wa mitandao waliingia katika habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo watu waliotengana na jamaa zao kwa sababu ya vita. Kule waliingia kutoka nje. Kwetu, sisi wenyewe tuliacha mlango wazi. Na katika nchi yetu, Sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za kila mtu, hata asiye na nyumba.

Kwa hiyo tunawaomba ninyi viongozi mambo matatu. Mwanakomite akiacha kazi ao akibadilishiwa kazi, tuambieni siku ileile, tumtoe katika kikundi. Msiazimane maneno ya siri, hata kati ya ndugu. Na mlango ukikwama siku ya mgawanyo, saidieni watu wangoje kidogo. Tutatumia orodha ya karatasi mpaka chanzo kijulikane.

Ninyi familia, kabla ya kutoa ushuhuda, mtuulize: “Nani atasoma jina langu?” Tusipoweza kuwajibu, msituambie kitu.

Mama yule bado anakuja kuketi pamoja nasi. Kuhusu shamba lake hajasema tena neno. Hatumlazimishi. Tunafunga milango vizuri, na tunamngojea.