Kitanda Kitapita Wapi?

(Hotuba iliyotolewa Makoongwe na mmoja wa wanafunzi wa zamani, katika mkutano wa mwaka wa chama chetu.)



Katibu ameniomba nieleze jinsi mtoto wa kisiwa hiki, aliyekuwa akivuka kwa mtumbwi kwenda skuli Mkoani, alivyofika kuwa mkuu wa wasanifu majengo katika ofisi moja ya Dar es Salaam. Yeye anadhani ni bidii. Bidii ilikuwapo, sikatai, lakini wenye bidii tulikuwa wengi, na baadhi yao walinishinda kwa mkono wa kuchora.

Ami yangu alikuwa fundi wa vyombo, hapo pwani mnapopaona. Hakuwa na ramani hata moja. Alilaza mkuku, akasimamisha mataruma, na kila siku baada ya alasiri walikuja mafundi wenziwe na manahodha, wakakaa kivulini wakikitazama chombo. Mmoja husema, "Bwana, huku omo umepabana mno, kitakunywa maji." Ami hanyanyui kinywa. Huzunguka upande wa pili, akafumba jicho moja, akatazama. Kesho yake tukifika tunaona ubao umeng'olewa. Mimi nikidhani wazee wale wanamsumbua.

Mwaka 1973 nikaanza kazi Dar es Salaam, kijana mchora ramani. Wakati ule hapakuwa na chuo nchini kilichofundisha usanifu majengo hadi shahada. Aliyeitaka alikwenda Nairobi au ng'ambo. Beda Amuli alikwenda Haifa, Israel, akarudi akafanya kazi na wageni, kisha akaendesha ofisi yake mwenyewe. Soko la Kariakoo lilikuwa likijengwa kwa ramani zake, na Mwalimu Nyerere alilifungua mwaka 1975. Siku za mapumziko nilikwenda kusimama nje ya uzio kuitazama ile miavuli ya zege ikipanda. Sikupata kuzungumza naye. Lakini kujua kwamba mkono uliochora vile ni wa mwenzetu kulinitosha kunirudisha mezani Jumatatu. (Lile soko liliungua Julai 2021, nami nikaona huzuni kama ya msiba wa nyumbani.)

Basi, wachora ramani, wakadiriaji, waashi na maseremala kadhaa tulikuwa tukikutana Alhamisi jioni barazani kwa mwenzetu mmoja, Ilala. Unatundika ramani yako ukutani, kisha unanyamaza mpaka wote wamalize kusema. Kunyamaza huko, jamaa, ni kazi kuliko kuchora!

Siku moja nikatundika ramani ya zahanati. Nilikuwa nimekesha nayo, na mkubwa wangu kazini alikwisha kuipitisha. Akasimama seremala mzee, asiyejua kusoma sana, akaweka kidole kwenye chumba cha wazazi. Akauliza, "Kijana, kitanda kitapita wapi?" Nikatazama. Ukumbi ulikuwa mwembamba na mlango uko pembeni. Kitanda kisingeweza kugeuka. Mama aliyezidiwa angebebwa mikononi. Baraza zima lilicheka.

Sikurudi kwa wiki sita. Ramani niliirekebisha kimyakimya, lakini watu wale nikawachukia. Aliyekuja kunitoa chumbani ni yule yule seremala. Hakuomba radhi wala hakunipa nasaha. Alisema ana dirisha linamshinda, twende nikamtazamie. Nikaenda. Mpaka leo sijui kama dirisha lile lilikuwa na shida yoyote.

Miaka kumi baadaye ofisi yetu ilitafuta mkuu wa wachoraji. Watu wa baraza ndio waliotaja jina langu, na walipoulizwa sababu, hawakusifu ramani zangu. Walisema huyu anaweza kuambiwa. Nilipokabidhiwa kazi, jambo la kwanza nililofanya ni kupiga misumari ukutani ili kila ramani itundikwe, yangu ikiwa ya kwanza. Vijana wangu waliogopa kuisema. Ilichukua karibu mwaka mmoja mpaka binti mmoja, mgeni kazini, aliponiambia ngazi yangu itamwangusha mtoto. Nilifurahi siku ile kuliko siku ya kupandishwa cheo.

Sasa nimestaafu, nimerudi kisiwani. Nimeona vijana wa hapa wanachora: mmoja majahazi, mwengine nyumba, na yuko binti anayebuni kanga. Kila mmoja yuko chumbani kwake peke yake, na hawajuani. Hilo linanisumbua. Nimepiga misumari barazani kwangu, karibu na gati. Jumamosi baada ya alasiri njooni na karatasi zenu. Mimi ninachora ukumbi wa madrasa, na nina shaka na mlango wake.