Dawa Imefika, Bwana Shamba Yuko Wapi?

Msikilizaji, tangazo umelisikia: dawa ya pamba ipo, mabomba yapo, wakulima wapulize mapema. Hatuna ugomvi na dawa. Funza wa vitumba hana huruma, na mkulima wa hapa kwetu Kigongo hawezi kukaa akimtazama. Tunauliza moja tu: bwana shamba yuko wapi?

Maana shambani hamna funza peke yake. Wamo nyigu wadogo mno, wengi hawafiki hata milimita 2, wanaotaga mayai ndani ya wadudu waharibifu. Geuza jani la mpamba lenye wadudu mafuta. Ukimwona mmoja amevimba, amekauka, ana tundu la mviringo mgongoni, ujue nyigu amekulia humo na ametoka. Kazi hiyo hulipii. Lakini dawa isiyochagua inamuua naye. Wadudu mafuta waliosalia wanazaliana bila mpinzani, nawe unarudi dukani kununua dawa nyingine. Nani amemweleza mkulima hayo? Bwana shamba yuko wapi?

Tuje kwenye mihogo. Mdudu mweupe kama aliyepakwa unga alipoivamia mihogo ya Afrika miaka ya 1970, hakushindwa kwa bomba. Alishindwa na nyigu aliyetolewa Paraguay, akaachiwa kwanza Nigeria mwaka 1981, kisha akasambazwa nchi nyingi, Tanzania ikiwamo. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Hata inzi weupe wanaoeneza batobato na michirizi ya kahawia wana nyigu wao. Mashamba ya pamba na ya mihogo yanapakana huku kwetu, na upepo wa ziwani unaobeba dawa hauheshimu mpaka. Tukiwamaliza nyigu, udaga wetu wa mihogo utalindwa na nani?

Kituo cha utafiti cha Ukiriguru kiko hapa hapa Misungwi. Elimu ipo. Pikipiki za maofisa ugani Serikali iligawa mwaka 2022. Sasa bwana shamba yuko wapi?

Mkulima, kagua kabla ya kupuliza! Usipulize kwa sababu jirani kapuliza. Usichanganye dawa kwa kubahatisha. Hesabu funza, geuza majani, uliza dawa ipi haiangamizi nyigu. Nanyi maofisa ugani, tokeni ofisini! Ingieni mashambani wiki hii, kabla bomba la kwanza halijajazwa.

Hayo ndiyo maoni yetu.