Saumu ya Pamoja kwa Ajili ya Ujira wa Haki: Humlenga Nani?

Viongozi wa dini na wa vyama vya wafanyakazi wanapokubaliana kufunga pamoja kudai ujira wa haki, swali la kwanza huwa ni hili: je, mwajiri atashtuka? Mada hii inashikilia kwamba swali hilo limeanzia mahali pasipofaa. Katika migogoro ya kazi ambayo saumu iliacha alama ya kudumu, walengwa wa kwanza walikuwa watu wa upande wa wanaofunga: wanachama waliokata tamaa, viongozi waliokuwa wakila vizuri, waumini ambao hawakuwahi kuuliza ni nani aliyechuma chakula kilicho mezani pao. Mwajiri alisogea baadaye, na kilichomsogeza ni nguvu nyingine ambayo saumu iliikusanya au iliizuia isisambaratike.

Tukio la Ahmedabad, India, mwaka 1918, husimuliwa kwa ufupi mno kiasi cha kupotoshwa. Wenye viwanda vya nguo walikuwa wamewapa wafumaji bonasi kubwa ili wasiukimbie mji wakati wa tauni. Tauni ilipopungua walitaka kuifuta, huku bei za vitu zikiwa zimepanda kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza. Walikuwa tayari kutoa nyongeza ya asilimia 20. Wafanyakazi, kwa ushauri wa Mohandas Gandhi, walidai asilimia 35 na wakala kiapo kwamba hawatarudi kazini kabla ya kuipata. Wiki zilipopita bila mshahara, kiapo kilianza kulegea na manung'uniko yakasikika: Gandhi na Anasuya Sarabhai, aliyekuwa amesimama na wafanyakazi ingawa alikuwa dada wa mmoja wa wenye viwanda, wanakuja kwa gari na wanakula, na sisi tunashinda njaa. Gandhi alianza kufunga tarehe 15 Machi kwa sababu ya maneno hayo. Alikuwa anawajibu wafanyakazi. Siku tatu baadaye yalifikiwa makubaliano ya muda, suala likapelekwa kwa msuluhishi, na msuluhishi hatimaye akaamua asilimia 35.

Hapa linajitokeza pingamizi ambalo halipaswi kupuuzwa. Baadhi ya wenye viwanda walikuwa marafiki wa Gandhi, na yeye mwenyewe alikiri kwamba saumu yake iliwabana kwa namna isiyokuwa safi. Mtu mmoja mashuhuri anapofunga bila kujulikana ataacha lini, mwajiri hujikuta anaogopa kifo cha mtu badala ya kupima uzito wa dai. Nakubaliana na pingamizi hili kabisa, na kwa sababu hiyo naitetea saumu ya watu wengi, yenye mwanzo na mwisho unaotangazwa. Saumu ya namna hiyo haimtishi yeyote kwa maiti. Inamwachia mwajiri nafasi ya kufikiri, na inawaachia wanaofunga nguvu ya kuendelea na kazi ya kupanga na kudai.

Miaka 50 baadaye, huko Delano, California, hali ilifanana na ya Ahmedabad. Mgomo wa mashamba ya zabibu ulioanzishwa na wafanyakazi Wafilipino Septemba 1965, wakaungwa mkono na wenzao wenye asili ya Mexico, ulikuwa umeingia mwaka wa tatu bila ushindi kamili. Baadhi ya wagomaji walianza kusema kwamba dawa ni kutumia nguvu. Tarehe 15 Februari 1968 César Chávez, kiongozi wa chama cha wagomaji, aliacha kula, akisema anafanya toba kwa ajili ya mazungumzo hayo ya vurugu ndani ya chama chake. Alijilaza katika chumba cha stoo kwenye kituo cha mafuta cha chama, mahali palipoitwa Forty Acres. Usiku misa ilisomwa pale, na familia za wachumaji zilipanga foleni kumwona, nyingine zikiwa na picha za watakatifu mikononi. Siyo wote waliopendezwa. Ndani ya chama walikuwapo waliochukizwa na harufu ya kanisa katika jambo waliloliona la kitabaka, na wasiwasi wao ulikuwa na msingi, kwa maana chama cha wafanyakazi kina wanachama wa dini zote na wasio na dini. Lakini angalia matokeo. Saumu iliisha tarehe 10 Machi, siku ya 25, Seneta Robert Kennedy akiwa ameketi kando ya Chávez, na hakuna mwenye shamba hata mmoja aliyetia saini wiki hiyo. Mikataba mikubwa ya Delano ilitiwa saini Julai 1970, baada ya watu wa mijini, wakihamasishwa na mapadre, wachungaji, marabi na vyama vingine vya wafanyakazi, kukataa kununua zabibu. Saumu ilikiweka chama pamoja hadi susio lilipoiva.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote unatoka Immokalee, Florida, kwa wachumaji wa nyanya, wengi wao wahamiaji kutoka Mexico, Guatemala na Haiti. Ndoo moja ya nyanya ina paundi 32, yaani karibu kilo 14.5, na malipo yake yalikuwa kama senti 50 za Marekani. Ili apate dola 50 kwa siku, mchumaji alipaswa kujaza ndoo 100, kuzibeba begani na kuzirusha kwenye lori: karibu tani moja na nusu. Mwishoni mwa 1997 wafanyakazi sita walianza saumu ya siku 30, wakiomba tu wenye mashamba wakae nao mezani. Malipo yalipanda kidogo, lakini meza haikupatikana. Ndipo walipotambua kwamba bei ya nyanya inapangwa na wanunuzi wakubwa, wakawageukia. Mwaka 2001 walitangaza kuisusia kampuni ya migahawa ya Taco Bell, na mwaka 2003 wafanyakazi, wanafunzi na watu wa dini walifunga siku 10 mbele ya makao makuu yake huko Irvine. Dai lilikuwa senti moja zaidi kwa kila paundi, ambayo kwa ndoo 100 inageuza dola 50 kuwa dola 82. Kanisa la Presbyterian la Marekani lilikuwa limeunga mkono susio hilo kwa kura ya mkutano wake mkuu mwaka 2002, na makao yake yalikuwa Louisville, mji ule ule yalikokuwa makao ya kampuni mama ya Taco Bell. Machi 2005 kampuni ilikubali. Tofauti yake ni Publix. Machi 2012 watu walifunga siku sita mbele ya ofisi za mtandao huo wa maduka huko Lakeland, na kampuni ikashikilia kwamba hilo ni suala la wenye mashamba na wafanyakazi wao. Anayepima saumu kwa mshtuko wa mwajiri ataiita hiyo hasara tupu, ingawa makanisa na masinagogi yaliyoshiriki yaliendelea kubeba dai hilo kwa miaka.

Kwetu Afrika Mashariki pingamizi kali zaidi litakuwa hili: kibarua anashinda njaa tayari, unamwambiaje afunge? Usimwambie. Dini zenyewe zinamruhusu mgonjwa na msafiri kula, na anayebeba magunia bandarini kwa ujira wa siku hahitaji kuongezewa adhabu. Wafunge wenye chakula, yaani viongozi wa vyama, mashehe, maaskofu, wahadhiri. Ramadhani na Kwaresima zilipokutana Machi 2025, Waislamu na Wakristo wa ofisi moja na kiwanda kimoja walikuwa wamefunga kwa wakati mmoja bila kuitwa na mtu. Kinachokosekana ni dai linalowaunganisha. Isaya, katika sura ya 58, anawakemea wanaofunga huku wakiwaonea vibarua wao, na Uislamu unamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi bila kumchelewesha. Taasisi za dini katika Afrika Mashariki ni waajiri wa walimu, wauguzi, wapishi na walinzi wengi. Kwa hiyo napendekeza kwamba chama kinapoialika taasisi ya dini katika saumu, mwaliko uende pamoja na ombi la kuona mikataba ya walinzi wake na tarehe ambayo walimu wake hulipwa. Baadhi zitajitoa. Zitakazobaki ndizo ambazo chama kinaweza kukaa nazo kupanga dai litakalopelekwa kwa mwajiri mwingine.